Antena na kebo: Mwongozo kwa wanaoanza redio ya ridhaa Kitale na Bungoma

KATIKA enzi hizi ambapo mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia hatoki nyumbani bila simu ya mkononi, si ajabu kumsikia mtu akiuliza redio ya ridhaa ingali na faida gani. Jibu lipo milimani. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Makumi ya watu walifariki, na barabara na madaraja yakasombwa. Kitale ndio mji ambao msafiri wa kwenda huko hupitia. Katika siku kama hizo, mtu mwenye redio, betri ya gari na waya wa mita 20 uliotundikwa vyema huweza kuzungumza na mwenzake wa mbali bila kutegemea mnara wa simu wala nguzo ya umeme.

Tatizo ni hilo neno "vyema". Wengi wanaoanza hutumia fedha zote kwa redio yenyewe, kisha wakaiunganisha na waya wowote waliookota na kebo yoyote iliyopatikana dukani. Hushangaa wasiposikika. Kwa maoni yetu, shilingi inayotumiwa kwa antena huzaa zaidi ya ile inayotumiwa kwa redio, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Kwanza, sheria. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wanaojifunza na kufanya majaribio ya redio bila kutafuta faida. Hairuhusiwi kutumiwa kwa biashara. Nchini Kenya, leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Mwenye leseni hupewa ishara ya utambulisho, na ishara nyingi za Kenya huanza kwa 5Z4. Kabla ya uhuru zilianza kwa VQ4, na wakusanyaji wa kadi za zamani za mawasiliano wangali wanazithamini. Kusikiliza tu ndiko mwanzo bora kwa anayesubiri leseni, kwa sababu antena inayopokea vyema ndiyo pia itakayorusha vyema.

Wimbi na urefu wake

Kila kitu katika antena huanzia kwa urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ukigawanya 300 kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 7.1, jibu ni mita 42 na ushei, ndiyo maana sehemu hiyo huitwa bendi ya mita 40. Megahezi 14.2 ni bendi ya mita 20, na megahezi 145 ni bendi ya mita mbili.

Antena sahili na ya kuaminika kuliko zote ni dipoli. Ni waya wenye urefu wa nusu ya wimbi, uliokatwa katikati, na kebo ikaunganishwa hapo kwenye mkato: upande mmoja kwa kiini cha kebo, upande wa pili kwa wavu wake wa nje. Kwa kuwa umeme kwenye waya huenda polepole kidogo kuliko hewani, na ncha za waya nazo zina athari yake, urefu halisi hupungua. Kanuni inayotumiwa ni kugawanya 142.6 kwa megahezi. Kwa 7.1 unapata mita 20.1, yaani mita 10.05 kila upande. Kwa 14.2 unapata mita 10 hivi, au mita tano kila upande.

Waya wa kawaida wa kutandazia umeme nyumbani, ule wa shaba wa milimita mraba 2.5 unaouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, unatosha kabisa. Ganda lake la plastiki hupunguza urefu unaohitajika kwa asilimia mbili au tatu hivi, lakini hakuna haja ya kulibambua. Vihami vya kwenye ncha vinaweza kukatwa kutoka kwa bomba la maji la plastiki. Shaba huvutia wezi, kwa hivyo si vibaya kuupitisha waya mahali ambapo hauonekani kutoka barabarani.

Usikate waya kwa kipimo kamili mara ya kwanza. Waya uliozidi hupunguzwa, ila uliopungua huungwa kwa taabu. Anza na mita 10.3 kila upande, utundike, kisha upime. Tuseme kipimo kinaonyesha antena inafanya kazi vyema zaidi kwa megahezi 6.95 ilhali wewe unataka 7.1. Chukua urefu wote, mita 20.6, uzidishe kwa 6.95 kisha ugawanye kwa 7.1. Unapata mita 20.17 hivi. Maana yake ni kwamba kila upande unapaswa kupunguzwa kwa sentimita 22 hivi. Badala ya kukata, ni heri kuukunja waya na kuuviringisha juu yake wenyewe, kwa sababu huenda kesho ukahamisha antena na kipimo kibadilike. Mapaa ya mabati, ambayo ndiyo mengi katika miji hii miwili, hubadilisha vipimo hivi pia.

Umbali mgumu wa kilomita 70

Baina ya Kitale na Bungoma kuna kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka, mstari unaopita jirani na Kiminini na Kimilili. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma mita 1,400 hivi. Umbali huu unaonekana mdogo kwa matatu, lakini kwa mwanaredio una ugumu wake. Ni mrefu mno kwa redio ya mkononi, na ni mfupi mno kwa mawimbi yanayorukia ng'ambo.

Tuanze na bendi ya mita mbili. Mawimbi yake husafiri karibu kama macho yanavyoona, yakizidisha kidogo tu. Ili kukadiria upeo wake kwa kilomita, tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha kila antena kwa mita, ujumlishe vipeuo hivyo viwili, kisha uzidishe kwa 4.12. Watu wawili wenye redio za mkononi kimo cha mita moja na nusu, wakiwa kwenye nchi tambarare, watasikizana kwa umbali wa kilomita 10. Wakiweka antena juu ya milingoti ya mita 10, upeo hufika kilomita 26. Hii haifikii 70. Hata hivyo, nchi si tambarare: aliye Kitale yuko mita 500 juu ya mwenzake, na ardhi huteremka kuelekea kusini-magharibi. Aliye na boma kwenye kituta kinachotazama Bungoma bila kizuizi huenda akafaulu. Aliye bondeni nyuma ya kilima hatafaulu hata akiongeza nguvu mara kumi. Kwa bendi hii, kupanda juu kilimani kuna thamani kuliko kununua kipaza nguvu.

Ikumbukwe pia kwamba mazungumzo ya kawaida ya bendi hiyo hutumia antena zilizosimama wima. Mmoja akisimamisha yake na mwenzake akailaza, sehemu kubwa mno ya mawimbi hupotea, wakati mwingine hata asilimia 99. Antena rahisi ya wima hutengenezwa kwa vipande vitano vya shaba ngumu, kila kimoja sentimita 49. Kimoja kinasimama na kuunganishwa na kiini cha kebo. Vinne vinaunganishwa na wavu na kuinamishwa chini kwa pembe ya digrii 45, mfano wa miguu ya kigoda. Pembe hiyo hufanya ukinzani wa antena ukaribie omu 50 ambazo redio inazitaka.

Njia ya pili, na ambayo tungeipendekeza kwa wawili hawa, ni bendi ya mita 40. Juu ya vichwa vyetu, kilomita 250 hadi 400 hivi, kuna tabaka la ionosfia ambalo jua hulijaza chembe za umeme. Mawimbi ya megahezi saba yakirushwa karibu wima kwenda juu, mchana hurudishwa chini na kunyunyizika eneo lote kwa mamia ya kilomita, mithili ya maji ya bomba yaliyoelekezwa darini. Mlima Elgon hauna usemi hapo, kwa sababu mawimbi yanapita juu yake. Sisi wa karibu na Ikweta tuna bahati, maana tabaka hili huwa na nguvu nyingi mchana kwetu kuliko kwa walio mbali kaskazini.

Raha yake ni kwamba antena inayorusha juu ni dipoli iliyotundikwa chini. Kimo cha mita tano hadi 10 kinatosha kwa mita 40. Mwanagenzi aliyesoma vitabu vya ng'ambo huhangaika akitafuta mlingoti wa mita 20, ilhali kwa mazungumzo ya Kitale na Bungoma, au Kakamega, Eldoret na hata Nairobi, mikaratusi miwili iliyo mwisho wa shamba imemaliza kazi. Usiku hali hubadilika. Tabaka likidhoofika, mawimbi ya megahezi saba yaliyopanda wima hupenya na kupotea angani, huku yale ya pembe ya chini yakienda nchi za mbali. Hapo unaweza kusikia Ulaya vizuri na usimsikie jirani wa Webuye. Dawa ni kushuka hadi bendi ya mita 80, ambayo dipoli yake ina urefu wa karibu mita 40. Si kila ploti ina nafasi hiyo.

Kwa anayetaka ng'ambo, mambo ni kinyume. Dipoli ya mita 20 yafaa iwe mita 10 juu au zaidi, kwa sababu kimo cha nusu ya wimbi huelekeza nguvu kwenye pembe ya digrii 30 hivi juu ya upeo wa macho. Mwelekeo nao huanza kuwa na maana. Dipoli iliyo juu hurusha zaidi ubavuni mwake kuliko kwenye ncha zake. Ukiinyoosha mashariki hadi magharibi, nguvu nyingi huenda kaskazini kuelekea Ulaya na kusini kuelekea Afrika Kusini.

Kebo inavyokula nguvu

Kebo ya mlisho ndiyo inayobeba nguvu kutoka kwenye redio hadi kwenye antena. Ile inayotumiwa sana ni ya koaksia: kiini cha shaba, plastiki inayokizunguka, wavu wa nyaya, kisha ganda jeusi. Kila kebo hula sehemu ya nguvu inayopitishwa na kuigeuza joto, na ulaji huo huongezeka masafa yanapopanda. Hapa ndipo fedha nyingi za wanaoanza hupotelea.

Chukua mita 30 za RG-58, kebo nyembamba ya milimita tano. Kwa megahezi saba, ukiingiza wati 100, karibu wati 75 hufika juu. Si mbaya, sikio la msikilizaji halitatambua tofauti. Kwa megahezi 145, kebo hiyo hiyo hula desibeli sita hivi, yaani robo tatu ya nguvu. Redio ya wati 50 inakuwa ya wati 12 na nusu. Mita 30 za RG-213, yenye unene wa zaidi kidogo ya milimita 10, zingefikisha wati 27 hivi. Kwa hivyo aliye na bendi ya mita 40 pekee asilazimike kununua kebo nene. Wa bendi ya mita mbili ainunue, au aifupishe kebo yake kwa kuisogeza redio karibu na mlingoti.

Je, kebo ya televisheni inafaa? Swali hili huulizwa kila mara, na wapo wakongwe wanaolijibu kwa dharau. Ukweli ni kwamba inafaa. Ukinzani wake ni omu 75 badala ya 50, lakini dipoli yenyewe, ikiwa mbali na ardhi, ina omu 73 hivi, na redio nyingi huvumilia tofauti hiyo. Isitoshe, kebo nzuri ya aina ya RG-6 hula nguvu kidogo kuliko RG-58 kwa megahezi 145. Shida yake ni ya kifundi: wavu wake mara nyingi ni wa alumini, ambao haukubali risasi ya kulehemia, kwa hivyo hulazimu kutumia viunganishi vya kubana.

Neno lingine litakalokukuta upesi ni uwiano wa mawimbi yasimamayo. Ukinzani wa antena usipolingana na wa kebo, sehemu ya nguvu hurudishwa kutoka kwenye antena kuelekea kwenye redio. Uwiano wa moja kwa moja ni ukamilifu. Uwiano wa 1.5 hurudisha asilimia nne tu, wa 2 hurudisha asilimia 11, na wa 3 asilimia 25. Redio nyingi za kisasa hujipunguzia nguvu uwiano unapozidi 2 ili zisiungue. Basi kukesha ukiutoa uwiano kutoka 1.5 hadi 1.1 ni kujichosha bure.

Lakini kipimo hiki kina hila. Kebo mbovu hula nguvu inapokwenda na hula tena inaporudi, hivyo mita iliyo mezani huona kidogo sana kilichorudi. Zile mita 30 za RG-58 kwenye megahezi 145, zikiwa hazijaunganishwa na antena yoyote kule juu, zitaonyesha uwiano wa 1.7 hivi. Mtu atashangilia kwamba antena yake ni safi ilhali haipo! Uwiano ukiwa mzuri kupita kiasi katika kila masafa, tilia shaka kebo.

Maji ndiyo adui mkubwa wa kebo katika eneo letu, ambako mvua hunyesha kuanzia Machi au Aprili na kuendelea kwa miezi mingi. Yakiingia kwenye kiunganishi cha juu, hunyonywa na wavu kama mafuta kwenye utambi, na baada ya msimu mmoja shaba huwa nyeusi na kebo haifai tena. Kizibe kiunganishi kwa utepe wa mpira unaojigandisha, kisha juu yake utepe wa kawaida, na uiachie kebo kitanzi kinachoning'inia chini ili matone yadondokee hapo. Kebo ikiviringishwa mizunguko minane hadi 10 chini kidogo ya katikati ya dipoli, na kufungwa kwa kamba, itazuia pia mawimbi yasirudi nyumbani kupitia upande wa nje wa wavu. Dalili ya kukosa mizunguko hiyo ni midomo kuchomwa na kipaza sauti unapozungumza.

Mlingoti, umeme na radi

Miti hai ndiyo milingoti ya bei nafuu, ila hucheza kwa upepo na kukata waya. Funga ncha moja kwa kamba inayopita kwenye kapi na kuning'iniza jiwe, ili mti ukiyumba jiwe lipande na kushuka. Nguzo ya mbao iliyochimbiwa bila dawa haitamaliza miaka mingi mbele ya mchwa. Mafundi wa jua kali huunganisha mabomba ya chuma yakadumu zaidi. Aliye karibu na uwanja wa ndege wa Kitale na anayetaka mlingoti mrefu aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Ndege.

Kabla ya kusimamisha chochote, tazama juu. Nyaya za umeme zinazopita vijijini hubeba volti 11,000 au 33,000, na nyingi hazina ganda. Mlingoti ukiangukia hapo, anayeushika hufa. Kanuni ni kwamba mlingoti uwe mbali na nyaya kiasi kwamba hata ukianguka kwa urefu wake wote pamoja na antena, ubakishe angalau mita tatu. Usirushe kamba juu ya mti ulioshikana na nyaya hizo, na usipitishe antena juu yake wala chini yake.

Radi inahitaji uangalifu wa kipekee. Magharibi mwa Kenya na bonde la Ziwa Victoria kwa jumla ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, na mara nyingi mawingu hukusanyika alasiri, wakati ambao bendi ya mita 40 ina shughuli. Hakuna kifaa kinachouzwa kitakachookoa redio iliyopigwa na radi moja kwa moja. Kinachosaidia ni kuchomoa kebo na kuitoa nje ya nyumba, mbali na paa la mabati na kitanda cha mtoto. Chomoa pia waya wa umeme wa redio. Ifanye kazi hii kila unapomaliza mazungumzo, wala si pale unaposikia ngurumo, kwa sababu ukiisikia tayari umo katika eneo la hatari na hupaswi kuigusa kebo. Nje, pale kebo inapoingilia ukutani, pigilia chini fimbo ya shaba ya mita moja na nusu au zaidi na uunganishe nayo mlingoti wa chuma na wavu wa kebo kwa waya mnene ulionyooka. Fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya nyumba. Fimbo mbili zisizoungana huzua tofauti ya volti ambayo redio ndiyo itakayoilipia.

Antena ikishasimama, itahitaji kujaribiwa. Upo mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara, ambao Kenya imepewa nafasi ndani yake kwa utambulisho wa 5Z4B. Hupokezana kwenye megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kila kimoja kwa sekunde 10, na mzunguko mzima huchukua dakika tatu. Kituo kikiwa hewani, hutuma jina lake kwa mkato wa Morse pamoja na mlio mmoja mrefu kwa wati 100, kisha milio mitatu ya wati 10, wati moja, na sehemu moja ya kumi ya wati. Keti Kitale au Bungoma na penseli, sikiliza kwenye 14.100, na uandike umesikia milio mingapi ya kila kituo. Badilisha kimo cha dipoli kesho yake, saa ile ile, na uhesabu tena.